Kabla zege halijamwagwa: kamera ya 360 na ukaguzi wa majengo yetu

Slabu ilimwagwa Jumamosi, kuanzia alfajiri mpaka taa zikawashwa. Jumatatu asubuhi mwenye jengo akaingia saiti na madai mazito. Jirani, ambaye dirisha lake linatazama kazi yetu, alikuwa amemwambia kwamba mafundi walipanga nondo kwa kuruka: mchoro unataka kila baada ya sentimita 15, yeye aliona mapengo ya 20. Zege lilikuwa limeshakamata na kufunikwa magunia yaliyoloweshwa maji. Hakuna jicho ambalo lingeweza kuona tena kilichomo ndani.

Tulikuwa na picha. Ijumaa, saa nne asubuhi, kijana wetu wa vipimo alikuwa amepita juu ya nondo na kamera ya lenzi mbili aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe. Aliifunga kwenye fimbo, akasimama mahali nane, na kila aliposimama akapiga picha moja inayomeza kila kitu kinachomzunguka: nondo, bimu, mirunda, mafundi, ukuta wa jirani, mawingu. Tukazifungua kwenye kompyuta ya ofisi ya saiti. Kutoka bimu hadi bimu ni mita 6. Tukahesabu nondo, mimi, mwenye jengo na fundi mkuu wa nondo, kila mtu kwa kidole chake, tukapata 41. Mita 6 ukizigawa kwa sentimita 15 zinakupa nafasi 40, na nafasi 40 zina nondo 41. Jirani alikuwa amekosea.

Mwenye jengo akashusha pumzi, kisha akauliza swali la pili. "Na unene je, injinia? Hizi ni za 12 kweli, au za 10?"

Nikaikuza picha mpaka nondo zikageuka vigae vya rangi. Sikuweza kumjibu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyapima maswali hayo mawili, kwa sababu kati yake ndipo unapokaa ukweli kuhusu picha za mzingo, yaani hizi za digrii 360, katika kazi zetu za ujenzi. Kamera hizi zimeingia saiti za Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi na Zanzibar kwa kasi. Wauzaji wa programu wanasema unaweza kupima jengo zima ukiwa umekaa mezani. Mimi nasema kazi yake kubwa ni nyingine, na tukiikosea hiyo tutakuwa tumenunua kitu kizuri na kukitumia mahali pasipo pake. Picha ya mzingo inatunza kumbukumbu ya kile kinachokwenda kufukiwa. Kupima kwake ni kazi ya pili, na ina mipaka ambayo mtu anaweza kuihesabu kwa kalamu.

Tuihesabu basi. Picha ya mzingo ni tufe zima lililokunjuliwa likawa mstatili, upana mara mbili ya kimo, jinsi ramani ya dunia inavyolikunjua tufe la dunia. Kamera ya Ricoh Theta Z1, ambayo wapiga picha za majengo wengi wanaifahamu, inatoa picha yenye pikseli, yaani vile vigae vya rangi, 6,720 kwa upana. Pikseli hizo zinagawana digrii 360, kwa hiyo kila moja inabeba digrii 0.054 hivi. Kwenye umbali wa mita 10, pembe hiyo inafunika milimita 9.4. Kwenye umbali wa mita 3, inafunika milimita 2.8.

Sasa rudi kwenye nondo. Sentimita 15 zilizo mita 3 kutoka kwenye kamera zinachukua pikseli zaidi ya 50, ndiyo maana tulihesabu bila shida. Lakini nondo ya milimita 12 na ya milimita 10 zinatofautiana milimita 2 tu, yaani chini ya pikseli moja. Kamera haioni tofauti hiyo, na hakuna programu itakayoitoa mahali ambapo haipo. Na tofauti hiyo si ndogo. Mkato wa nondo ya 12 una milimita za mraba 113. Wa nondo ya 10 una 78.5. Weka nondo 41 za 10 mahali pa nondo 41 za 12, hesabu itasoma sawasawa, picha itapendeza, na slabu itakuwa imepungukiwa asilimia 30 ya chuma chake.

Zipo kamera mpya zenye pikseli karibu 12,000 kwa upana. Hizo, kwa hesabu ileile, zinaishusha ile milimita 2.8 hadi 1.6. Ni afadhali, ila pikseli zinazotajwa kwenye boksi si sawa na kile ambacho lenzi ndogo kama kifungo cha shati inaweza kukichora kwa ukali. Kwa nyufa hali ni ngumu zaidi. Ufa wa milimita 0.3 ndio mpaka ambao viwango vingi vya zege vinautumia kwa hali ya kawaida. Ili Theta ile iupe ufa huo pikseli moja, lazima uisogeze mpaka sentimita 32 kutoka ukutani. Ukishafika karibu hivyo, simu yako ya kawaida inafanya kazi nzuri kuliko kamera yoyote ya mzingo.

Kuna pia mshono. Lenzi mbili za kamera hizi haziko mahali pamoja, zimepeana mgongo, na programu ndiyo inayounganisha nusu mbili za picha. Vitu vya mbali vinaungana vizuri. Vitu vya karibu, hasa vyembamba kama nondo, vinaweza kuvunjika au kujirudia pale kwenye mshono. Nimewahi kuona ringi za nguzo zikionekana kama zimekatwa, na mhandisi kijana akaandika barua ya lawama kwa mkandarasi kabla ya kupanda ngazi kwenda kuzitazama. Ringi zilikuwa nzima. Mshono ulipita juu yake.

Hayo ni ya kuona. Kwenye kupima mambo yanazidi.

Programu nyingi za picha za mzingo zina alama ya rula. Unabofya pointi moja, unabofya ya pili, inakuandikia mita 4.37. Zile desimali mbili zina nguvu ya ajabu juu ya akili ya mtu. Mwenye kuziona haulizi zimetoka wapi. Zimetoka kwenye dhana. Picha moja peke yake haijui umbali, inajua mwelekeo tu. Ili itoe mita, lazima uiambie kamera ilikuwa juu kiasi gani kutoka sakafuni, na lazima sakafu iwe tambarare na fimbo iwe imesimama wima.

Chukua kamera iliyo kimo cha mita 1.6. Kona ya chumba inayoonekana digrii 10 chini ya usawa wa macho ya kamera iko umbali wa mita 9.07. Fimbo ikiinama digrii moja tu, jibu linakuwa mita 10.1 au mita 8.2, kutegemea imeinamia wapi. Digrii moja kwenye fimbo ya mita 1.6 ni kichwa kusogea sentimita 2.8, chini ya upana wa vidole viwili. Pointi ya mbali zaidi, inayoonekana digrii 3 chini ya usawa, iko mita 30.5, kosa lilelile la digrii moja linaweza kuisukuma hadi mita 45.8 au kuivuta hadi 22.9. Kijana anayeshika fimbo juu ya nondo, miguu ikitafuta pa kukanyaga, hawezi kuisimamisha kwa digrii moja. Kamera nyingi zina kihisi cha kusawazisha, nacho kinasaidia sana, ila si timazi.

Picha mbili ni bora kuliko moja. Ukiijua nafasi ya kila kamera, mwelekeo kutoka picha ya kwanza na mwelekeo kutoka picha ya pili vinakutana mahali, na pale vinapokutana ndipo kitu kilipo. Ndivyo wanavyofanya Uholanzi, ambako kampuni ya Cyclomedia inaendesha magari yenye kamera barabarani na kupiga picha ya mzingo kila baada ya mita 5. Halmashauri za huko zinatumia picha hizo kuhesabu miti, alama za barabarani na taa, na kusaidia kukadiria thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu gari linabeba vifaa vinavyojua mahali lilipo na lilivyoelekea kila picha inapopigwa. Hata hivyo jiometria haina huruma. Picha mbili zilizoachana mita 5, zikikosea pikseli moja kwenye kamera kama ile niliyoitaja, zitaweka kitu kilicho mita 10 kwa kosa la sentimita 2 hivi. Kitu kilicho mita 40 zitakikosea kwa sentimita 30. Umbali umeongezeka mara 4, kosa limeongezeka mara 16.

Kamera za ndani zenye vihisi vya kina, kama Matterport Pro2, zinajitangaza kuwa na kosa la hadi asilimia 1. Huo ni uungwana, kwa sababu mtu anaweza kufanya hesabu. Ukuta wa mita 6 unaweza kutoka na kosa la sentimita 6. Kwa kukadiria plasta ya nyumba nzima inatosha, mradi ukumbuke kwamba kosa la asilimia 1 kwenye urefu na asilimia 1 kwenye kimo linakuwa karibu asilimia 2 kwenye eneo, na malipo ya plasta yanakwenda kwa eneo. Kwa fremu ya mlango, au kwa shimo la lifti, sentimita 6 ni kazi ya kubomoa. Leza ya mkononi inayouzwa madukani Kariakoo inapima chumba hichohicho kwa kosa la milimita moja au mbili, kwa sekunde mbili.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu kupima ni huu: makadirio ya awali, ndiyo, kulinganisha maendeleo ya wiki hii na iliyopita, ndiyo, vipimo vya cheti cha malipo, hapana, isipokuwa ndani ya picha kuna kitu chenye urefu unaojulikana na mtu ameuthibitisha kwa futi. Mpima ardhi hafungi kazi yake hewani. Anaifunga kwenye bikoni. Picha nayo ifungwe. Alama nne za karatasi zilizobandikwa ukutani na kupimwa kwa leza zinabadilisha kila kitu, na programu kama Metashape, ambayo inazikubali picha za mzingo, inajua kuzitumia.

Mtu atasema basi tuziache. Hapo ndipo ninapotofautiana na wakongwe wengi wa fani yangu, na sababu yangu inaanzia Ujerumani, mwaka 1858.

Kijana mmoja mchora majengo, Albrecht Meydenbauer, alitumwa kupima kanisa kuu la mji wa Wetzlar. Alikuwa juu, akinyoosha mkono kupima, nusura aanguke na kufa. Aliposhuka salama, wazo lilikuwa limemwingia: kwa nini mtu ahatarishe roho kupima jengo kwa mkono, ilhali picha inaweza kupigwa kutoka chini na vipimo vikachorwa kutokana nayo? Alihangaika na wazo hilo miaka mingi. Neno fotogrametria lilichapishwa kwa mara ya kwanza kwenye makala yake ya mwaka 1867, na mwaka 1885 serikali ya Prusia ikaanzisha taasisi chini ya uongozi wake, kwa ajili ya kupiga picha za kipimo za majengo ya nchi ile. Taasisi hiyo iliacha hazina ya sahani za kioo zinazokaribia 20,000.

Kinachonigusa si kwamba aliokoa muda. Meydenbauer alitaka majengo yawekwe kwenye kumbukumbu kwa namna ambayo, yakiharibika, mtu wa baadaye aweze kuyapima hata kama hayapo tena. Vita Kuu ya Pili ilipoyavunja mengi ya majengo hayo, sahani zile zilitumiwa kuyarudisha. Waliozipiga walikuwa wamekufa zamani. Kilichobaki ni kioo, na vipimo vilivyofungwa pamoja nacho.

Nikilitazama Beit al-Ajaib la Zanzibar, nawaza sahani zile. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said pale Forodhani, kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, na baraza zake za nje zikabebwa na nguzo za chuma. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka, na mnara wa saa nao ukaenda. Watu wawili walipoteza maisha. Kila anayetaka kulirudisha jumba lile lilivyokuwa anarudi kwenye swali moja: nani alipiga picha ya nini, lini, akiwa amesimama wapi? Picha za watalii zipo kwa maelfu, nyingi zikitazama uso wa jengo kutoka baharini au bustanini. Fundi wa ukarabati anataka kujua boriti iliingiaje ukutani, nyuma ya ngazi kulikuwa na nini, ufa ulianzia wapi. Hayo mtalii hayapigi.

Kamera ya mzingo inayapiga, kwa sababu haichagui. Hiyo ndiyo tabia yake yenye thamani kuliko zote. Mpiga picha wa kawaida anaelekeza lenzi kwenye kile anachodhani ni muhimu leo; picha ya mzingo inabeba hata kile ambacho hakuna aliyekijua kuwa muhimu. Andrew Tallon, profesa wa historia ya sanaa huko Marekani, alilipima kanisa la Notre-Dame la Paris kwa leza akiwa ameweka mashine yake mahali zaidi ya 50, na kila mahali akapiga na picha ya mzingo ili kila pointi ipate rangi yake. Alifariki mwaka 2018. Kanisa liliungua tarehe 15 Aprili 2019, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa vitu vya kwanza watu kuvitafuta. Huku kwetu, Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioanza mwaka 2004, umefanya kazi ya aina hiyo Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, mahali ambapo bahari inaendelea kula ufukwe chini ya magofu.

Mji Mkongwe ungefaidika nayo nyumba kwa nyumba. Vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazivuki zaidi ya hapo. Ndani ya chumba cha upana huo kila ukuta uko karibu na kamera, na hata Theta ile inatoa pikseli ya milimita moja na nusu au chini yake. Ni kama chumba kiliumbwa kwa ajili ya kamera hii. Siku boriti moja inapooza, mwenye nyumba akaamua kuitoa na kuweka zege, picha ya jana ndiyo itakayosema dari ilikuwaje.

Lakini nyumba hizo zina adabu yake, na kamera haina. Baraza na daka vilijengwa ili mgeni azungumze na mwenyeji bila kuona ndani. Picha ya mzingo inayopigwa uani inaona jikoni, nguo kwenye kamba, na bibi aliyejilaza bila ushungi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kabla ya sheria kuna kubisha hodi. Ujerumani, Google ilipoanzisha picha za barabarani mwaka 2010, kaya zaidi ya 240,000 ziliomba nyumba zao zifichwe. Watu wa Shangani na Malindi wana haki hiyohiyo. Kijana wetu naye, siku ile ya Ijumaa, alipiga dirisha la jirani mara nane bila kumwomba mtu ruhusa, na jirani aliyekuwa akitutazama hakujua kwamba nasi tumemweka kwenye faili.

Kinachonisukuma zaidi ya yote, hata hivyo, ni Dar es Salaam. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo la Kariakoo, kwenye mitaa ya Mchikichi na Congo, wafanyabiashara na wateja wakiwa ndani. Waliokufa walizidi 20, na nchi nzima ilikesha siku kadhaa ikisikiliza habari za waliokuwa wakiitikia kutoka chini ya kifusi. Kila mara baada ya msiba, maswali ni yaleyale. Mchoro uliidhinishwa upi? Kilichojengwa ni kipi? Nani alikagua, siku gani, aliona nini? Na kila mara majibu yamezikwa mahali pamoja na nondo.

Mfumo wa ukaguzi tunao. Halmashauri inatoa kibali cha ujenzi, na mkaguzi anatakiwa kufika kazi inapopita hatua zake. Kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kuna ya makandarasi, kuna ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na majina ya wahusika yameandikwa kwenye kibao cha mradi pale getini. Kinachobaki baada ya mkaguzi kuondoka ni sahihi kwenye karatasi. Sahihi inasema mtu alikuja. Haisemi aliona nini.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti ya wizara. Hakuna zege la msingi, la nguzo au la slabu limwagwe kabla picha za mzingo za nondo zake hazijaingia kwenye faili la kibali. Picha zioneshe kibao chenye tarehe na namba ya kibali, kilichoshikwa na mtu anayejulikana. Kila picha ya mzingo iambatane na picha za karibu: futi iliyolazwa juu ya nondo kuonesha nafasi, vernia iliyobana nondo kuonesha unene, kibiskuti kinachoinua nondo kutoka kwenye mbao. Picha ya mzingo ndiyo inayosema ile picha ya karibu imepigwa wapi. Bila ya mzingo, vernia moja nzuri inaweza kupigwa mara kumi ikadaiwa ni sehemu kumi. Bila ya karibu, unakwama pale nilipokwama mimi mbele ya mwenye jengo.

Na picha zisikae kwa mkandarasi peke yake. Siku ya ugomvi, simu hupotea na kompyuta hufa. Nakala iende halmashauri, kwa mhandisi mshauri na kwa mwenye jengo siku ileile, kabla gari la zege halijaingia getini. Ikishakuwa mikononi mwa watatu wenye maslahi tofauti, ni vigumu kuibadilisha.

Najua hofu ya wakaguzi wenye dhamiri, kwa sababu wameniambia: ukishampa bosi picha, atafuta safari. Mafuta ya gari la ukaguzi yataonekana ni ya anasa, na ukaguzi utafanyika kwenye kiti. Hofu hiyo ni ya kweli, na mimi ninayo. Kuna mambo ambayo picha haiyajui kabisa. Haisikii mlio wa nyundo kwenye zege bovu. Haijui mchanga una chumvi, wala haijui mrunda umelegea hadi uutikise kwa mkono. Kwa hiyo kanuni iandikwe wazi kwamba picha inaambatana na ziara ya mkaguzi na haichukui nafasi yake, na kwamba mkaguzi mwenyewe awe ndani ya angalau picha moja. Mtu aliyejiona kwenye picha juu ya nondo, na jina lake chini, anatembea kwa makini zaidi.

Gharama? Programu ya kuunganisha picha kama Hugin ni ya bure. Kamera moja inaweza kuhudumia saiti nyingi. Picha nane za slabu zinapigwa kwa chini ya nusu saa, muda ambao mafundi wanautumia kusubiri maji.

Nirudi kwa mwenye jengo wetu. Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo. Tulikubaliana kuchimbua zege mahali pamoja katika kila nafasi kati ya bimu, kutoka chini, kwa patasi na nyundo, taratibu, upana wa kiganja. Mkandarasi alinung'unika, lakini alileta fundi wake mwenyewe. Nafasi ya kwanza, vernia ilisoma 12. Ya pili, 12. Ya tatu, ya nne, 12. Kwenye nafasi ya tano, ile ya kona ya nyuma karibu na ngazi, fundi aliifuta nondo kwa kitambaa, akaipima, akaipima tena, akamkabidhi mkandarasi vernia asome mwenyewe. Ilikuwa 10.

Tukarudi kwenye picha ya Ijumaa. Nafasi ya tano ilionekana yote, nondo 41 zimenyooka, zimefungwa waya vizuri kuliko nafasi nyingine zote. Pembeni yake, kwenye ncha ya picha ambayo hakuna aliyeitazama siku ya kwanza, kulikuwa na fungu la nondo lenye kitambulisho cha kiwandani kikining'inia. Kijana wetu aliikuza sehemu hiyo. Kitambulisho kilikuwa mita moja tu kutoka kwenye kamera. Namba ilisomeka.

Kipande kile kilivunjwa na kumwagwa upya kwa gharama ya mkandarasi. Siku ya kupanga nondo mpya, mwenye jengo alikuja mapema akiwa na futi yake mwenyewe, akailaza juu ya nondo, akamwita kijana mwenye fimbo asogee karibu.